Kanuni Kumi na Moja za Bi Pindo

Nyumbani kwa Bi Pindo hapakuwahi kukosa watu. Siku yoyote ungepita, jua likiwa limeshatoka, ungewakuta waliokuja kupimwa nguo, waliokuja kuchukua nguo ambazo hazijaisha, waliokuja kulalamika kwamba nguo hazijaisha, na waliokuja tu kwa sababu wale wengine wapo. Jina la Pindo walimpa wao wenyewe. Pindo la gauni alilijua kuliko fundi yeyote mtaani, na habari ya mtu nayo, ikishaingia kwenye kile chumba cha cherehani, haikutoka bila kukunjwa, kupigwa pasi na kushonwa vizuri pembeni.

Kati ya chumba hicho na jiko palikuwa na pazia tu, na pazia lenyewe mchana kutwa lilifungwa kando kwa utepe, kwa sababu Bi Pindo hakupenda maneno yampite akiwa anachochea chai. Kwa hiyo kila aliyekaa kwenye kochi, apende asipende, aliiona maikrowevu. Ilikaa juu ya meza ya jikoni, nyeupe, kioo cheusi mlangoni, na saa ya kijani iliyowaka kutwa. Bintiye, karani wa benki, ndiye aliyeileta miezi minne iliyopita akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Alisema mjukuu akija kwa bibi yake, maziwa yasiwe yanasubiri moto.

Maikrowevu ilikuja na kijitabu. Binti alikisoma kwa sauti kuanzia jalada hadi jalada, Bi Pindo akisikiliza huku anashona lisani ya kifua cha kanzu, na kesho yake akamwita msusi. Huyo msusi alikodi kibaraza cha mbele, akisuka watu pale na kuchangia mazungumzo kupitia dirishani, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Akaandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, kwa kalamu nzito, kanuni kumi na moja. Bi Pindo akazibandika ukutani juu ya maikrowevu.

Usidhani zilikuwa kanuni za kubuni. Chombo cha bati hakiingii, wala kijiko, wala kikombe chenye mstari wa dhahabu hata kama ndicho cha wageni. Yai halipashwi na ganda lake. Kifuniko kilegezwe, mvuke upate pa kutokea. Haiwashwi tupu. Haifunikwi kitambaa juu, kwa sababu ina matundu ya kupumulia. Hiyo ilimuuma Bi Pindo, kwani alikuwa ameshaifumia kitambaa chenye maua pembeni, kama cha redio na cha friji, na alipokitoa alilalamika kwamba chombo kimebaki uchi mbele za watu. Maji yakichemka yakatulia kimya, usiyakurupukie, yanaweza kukurukia usoni. Maziwa ya mtoto yatikiswe, kisha yadondoshwe kwenye mkono wa mpashaji kabla hayajafika mdomoni, maana chupa inaweza kuwa baridi nje, ndani kunaunguza.

Sifa zake zikaenea. Jirani mmoja aliyelipukiwa na yai alikuja kuuliza kosa lake lilikuwa nini, na akaambiwa, tena mbele za watu. Fundi bomba aliyekuja kuomba kupasha chakula chake kwenye bakuli la bati alirudishwa mlangoni kama mlevi.

"Unataka kuniunguzia nyumba?" Bi Pindo alimuuliza.

"Si dakika moja tu, mama."

"Dakika moja inatosha. Soma pale, ya kwanza kabisa. Wewe bomba zako nazijua mimi? Basi na maikrowevu usijifanye unaijua."

Fundi bomba akala chakula chake baridi, na jioni akawaambia wenzake kwamba yule mama ni mtaalamu.

Sasa, kulikuwa na jambo moja ambalo mtaalamu huyo hakumwambia mtu. Tangu siku bintiye alipoiwasha kumwonyesha, ile maikrowevu haikuwashwa tena. Siku ile iliponguruma, taa ikawaka ndani na sahani ikaanza kuzunguka yenyewe, Bi Pindo alirudi nyuma hatua mbili. Moto aliuzoea tangu utoto, wa mkaa na wa gesi, na kovu la pasi alikuwa nalo mkononi. Lakini ule ulikuwa moto unaouona au unaousikia ukivuma. Huu wa kuchemsha maji bila kuonekana, ukikosea utaupuliza vipi? Kwa hiyo maziwa ya mjukuu aliyapasha kwa kuitosa chupa kwenye sufuria ya maji moto, nyuma ya pazia lililoshushwa kwa dakika mbili, kisha akaiweka ndani ya maikrowevu, akafunga mlango, akaimba kidogo, akafungua. Binti akapokea chupa. Hakuna aliyeungua. Mtaa mzima hapakuwa na maikrowevu iliyotumiwa kwa usalama kama ile.

Na kwa kuwa chombo kizuri hakikai bure, alikipatia kazi nyingine. Mjukuu alipoanza kutambaa, binti alisema neno zito.

"Mama, hii nyumba ina pini kila mahali. Nikiikuta moja sakafuni, mtoto simleti tena."

Bi Pindo alipita na sumaku yake ya kuokotea pini kila pembe, chini ya kochi, kwenye nyufa za sakafu, mpaka ndani ya viatu. Kisha akatafuta pa kuziweka. Kabati la nguo lilikuwa halifungi. Droo ya cherehani kila mgeni aliivuta. Lakini kulikuwa na sanduku moja lenye mlango unaofunga kwa nguvu, lililo juu, ambalo watu wote mtaani waliogopa kuligusa kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewaogopesha. Likaingia kopo la vifungo vya chuma. Ikaingia mito yake miwili ya sponji iliyojaa pini, na zipu za shaba, na bobini za plastiki za kuzungushia uzi, na rili ya uzi wa dhahabu. Mwisho ukaingia mkasi mkubwa wa chuma kitupu, ule wa kukatia nguo tu, ambao hakuna mtu, hata marehemu mumewe, aliyewahi kuruhusiwa kukatia hata karatasi. Siku ambazo binti alikuja, Bi Pindo alivitoa vyote kabla, akavitia kwenye beseni na kulisukuma uvunguni mwa kitanda chake, akafunga chumba kwa ufunguo.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka likizo ya binti ilipokatika. Alikuwa ameshaivuta kila upande kama lastiki kuukuu. Jumatatu lazima arudi kazini, na mtoto lazima abaki na bibi mmoja. Mabibi walikuwa wawili. Wa pili alikuwa mama wa mkwewe, mkunga mstaafu, mwanamke mwenye nyumba tulivu nyuma ya geti, sakafu ya kung'aa, na yeye pia alikuwa na maikrowevu, aliyopewa siku ya kustaafu. Mkunga hakuwa na maneno mengi, lakini machache aliyokuwa nayo yalimfikia Bi Pindo yote: kwamba kwa fundi kuna msongamano, kwamba mtoto hawezi kulelewa stendi. Mume wa binti, asiyetaka kumkosea mtu, alisema mama yake aende Jumamosi akaone mwenyewe, kisha wataamua.

Bi Pindo hakulala vizuri wiki ile. Watu walidhani nyumba yake imejaa. Yeye alijua kwamba wote wale jioni huondoka na nguo zao, na kwamba tangu yule mtoto aanze kuja, alikuwa ameanza kuziita siku zingine siku tupu, hata kama kochi limejaa.

Jumamosi alipanga kila kitu. Mkunga angefika saa tano. Saa nne angevitoa vitu, angepasha maziwa kwenye sufuria, angeyafungia kwenye taulo yasipoe, na saa tano juu ya alama angefanya onyesho lake. Alichosahau ni kwamba wakunga hawajazoea kusubiri saa iliyopangwa. Saa tatu na nusu sauti ikapiga hodi, na Mkunga akaingia, mkoba mkononi, binti nyuma yake na mtoto. Ndani kulikuwa na wateja wawili, mmoja akiwa na gauni nusu mwilini, na dirishani msusi alikuwa ameshika kichwa cha mtu.

"Karibu, mkwe," Bi Pindo akasema, akiondoa pini tatu mdomoni na kuzichomeka kwenye gauni la mteja. "Mbona mapema? Nilikuwa ndiyo nataka kufagia."

"Nimekuja mapema ili nisikute pamefagiliwa."

Wateja wakakumbuka wana haraka, wakatoka, mmoja na gauni lake lisilo na mkono. Walikwenda mpaka kibarazani, wakakaa na msusi, ambako kila kitu kilisikika.

Mkunga akakagua. Akapitisha kidole juu ya cherehani. Akainama, kwa umri wake, akatazama chini ya kochi. Hakupata pini hata moja, na ilionekana kumkera kidogo.

"Pini ziko wapi?" akauliza.

"Zimehifadhiwa," Bi Pindo akasema.

"Wapi?"

"Mahali ambapo hata wewe, mkwe, hutazifikia."

Binti akacheka, akampa mama yake jicho la hongera. Bi Pindo akajikaza kucheka naye. Mtoto akaanza kulia kwa njaa.

"Vizuri," akasema Mkunga. "Hebu tuone maziwa yanavyopashwa hapa. Nimesikia wewe ni profesa."

Bi Pindo akasogea mbele ya maikrowevu, akaipa mgongo kama mtu anayezuia mlango wa benki. Akaanza kwa kanuni. Alisoma ya kwanza na maelezo yake. Alisoma ya pili na kisa cha yai la jirani. Alipofika ya tatu, akaingiza na habari za mume wa yule jirani, ambazo hazikuwa na uhusiano na yai. Mtoto alizidisha kilio. Binti akaona aibu.

"Mama, mpashie tu. Kila siku si unapasha?"

"Mambo ya usalama hayataki haraka, mwanangu."

"Mtoto ana njaa, wewe unahubiri," Mkunga akasema. "Sogea, mkwe. Mimi yangu natumia kila siku. Kwanza inatakiwa ipate joto, ndipo unaweka chupa. Oveni yoyote ndivyo ilivyo."

Bi Pindo hakusogea. Angeweza kusema neno moja tu: pini. Lakini neno hilo lingevuta mengine: sufuria, pazia, miezi minne, na mwisho wake mtoto angebebwa mpaka nyuma ya geti. Akachagua neno jingine.

"Ya nne, mkwe. Haiwashwi tupu."

"Tupu ndiyo inavyopata joto," Mkunga akasema, akapitisha mkono ubavuni mwake na kubonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote.

Taa ikawaka. Kwenye kile kioo, ambacho siku zote kilikuwa cheusi, watu wakaliona kopo, na mito ya pini, na ule mkasi, vyote vikizunguka taratibu kwenye sahani kama maharusi wanaoonyeshwa kwa wageni. Ilikuwa hata si sekunde mbili. Kisha kukapiga cheche, buluu na nyeupe, kwa mlio kama wa mtu anayechana turubai, uzi wa dhahabu ukawaka wote kwa mara moja, na mto mmoja wa sponji ukashika moto.

"Kuna moto ndani," binti akasema.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kwa namna ambayo mtaa uliisimulia miezi. Mkunga, aliyezalisha watu gizani na kwenye mafuriko bila mkono kutetemeka, alinyakua jagi la maji kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaufuata mlango wa maikrowevu. Na Bi Pindo, aliyekuwa akiliogopa lile sanduku tangu lifike, alimpiga kofi mkononi.

"Ya tisa," akasema. "Usifungue. Ukifungua unaupa hewa. Weka maji chini, umeme huo. Shoga, njoo umchukue mtoto, mtoke nje wote."

Msusi akaingia, akamchukua mtoto. Bi Pindo akazima swichi ya ukutani, akachomoa plagi, akauegemeza mkono wake kwenye mlango na kusimama pale. Ndani moto ukarukaruka, ukafifia, ukawa doa jekundu. Moshi ukatoka kwenye yale matundu ambayo yangekuwa yamefunikwa kitambaa chenye maua. Aliinua macho kwenye saa ya kijani ahesabu dakika, akakuta imezimika. Kwa mara ya kwanza tangu ifike, maikrowevu haikuwa na kazi yoyote.

Walingoja mpaka hata moshi ukachoka. Ndipo akafungua.

Harufu ilikuwa mbaya. Bobini zilikuwa zimeyeyuka na kugandana na zipu. Mto wa pini ulibaki pini. Mkasi ulikuwa mzima, ila ncha moja imeungua ikawa nyeusi. Binti aliinama akavitazama kimoja kimoja.

"Mama, hivi ni nini?"

"Ulisema usiikute pini sakafuni."

"Ndiyo ukaziweka kwenye maikrowevu?"

"Ndiyo mlango pekee humu ndani unaofunga."

"Na ukitaka kupasha maziwa unazitoa?"

Bi Pindo akatazama kanuni zake ukutani, kana kwamba mojawapo ingemwambia la kujibu. Zote kumi na moja zilihusu maikrowevu inayowashwa.

"Sijawahi kuiwasha," akasema. "Maziwa yote aliyokunywa mtoto hapa yametoka kwenye sufuria. Kama yaliyokulea wewe."

Kibarazani watu walijiziba midomo kwa mikono. Mkunga akavuta pumzi, akanyoosha mgongo, na Bi Pindo akajua kinachokuja. Lakini binti alikuwa bado anafikiri, na karani wa benki akianza kupitia jambo, halipiti nusu.

"Mama mkwe," akamgeukia Mkunga, kwa adabu yote, "hivi na wewe yako unaiwasha tupu kila siku?"

"Eh. Ili ipate joto."

"Na haijaharibika?"

"Mbona iko vizuri tu."

"Kijitabu kinasema ukiiwasha tupu inajiunguza."

Mkunga akaitazama mikono yake, ile iliyopokea nusu ya vijana wa mtaa. Akaikunja.

"Yangu iko chumbani," akasema taratibu. "Ndani nimeweka vyeti vyangu vya kazi na hati ya nyumba. Panya, binti yangu. Kabati wanalitoboa, ile hawaiwezi."

Nje mtu alikohoa, na kikohozi kikageuka kikawa kitu kingine, na msusi akasikika akiwaambia wateja wake watoke kwanza wakacheke barabarani, wasimwamshie mtoto kilio.

Kilio kilikuwa kimeshaamka chenyewe. Bi Pindo hakungoja ruhusa. Akabandika sufuria ya maji, pazia likiwa wazi safari hii, yakapata moto, akazima jiko, akaitosa chupa. Akaitoa, akaifuta, akaitikisa, akajidondoshea maziwa kwenye mkono pembeni ya lile kovu la pasi. Kisha akamnyooshea Mkunga chupa. Mkunga naye akajidondoshea. Wakatazamana.

"Yako sawa," Mkunga akasema.

"Najua yako sawa."

Mtoto alinyonya akiwa mapajani mwa mama yake, macho kwenye ule moshi uliobaki darini. Binti akazungumza bila kuinua uso. Alisema amekasirika, na ataendelea kukasirika mpaka kesho kutwa. Alisema mama yake amemdanganya miezi minne. Lakini leo moto umewaka, akasema, na katika watu wazima wote waliokuwepo ni mmoja tu aliyejua la kufanya. Mtoto atabaki hapa. Pini zitafutiwe kabati la kufuli leo leo.

Bi Pindo akafungua mdomo ashukuru.

"Na mimi nitakuwa nakuja," Mkunga akatangulia. "Kila asubuhi. Kutazama."

"Kila asubuhi?"

"Nimestaafu, mkwe. Nina kazi gani?"

"Karibu sana," akasema Bi Pindo, midomo ameibana kama mtu aliyeshikia pini humo.

Binti akampa msusi mtoto, akaenda mezani, akaikagua ile maikrowevu ndani na nje. Mlango ulikuwa umepinda, haukufunga tena sawasawa. Akasema ikiwa hivyo haiwashwi, isije ikamwunguza mtu. Ili pasitokee mwingine wa kuijaribu, akatazama huku na huku, akauchukua ule mkasi mkubwa, mkasi wa nguo, na kuukata waya wa umeme kwa mikato mitatu, ya kusaga, kama anakata kamba ya mbuzi.

Bi Pindo aliusikia kila mkato kwenye meno yake. Wateja walisubiri kibarazani wasikie atakachosema, kwa sababu walishamwona akimfukuza mtu kwa kukatia kipande cha gazeti tu. Alipokea mkasi, akaufuta kwa ncha ya kanga yake, akaenda kuutafutia mahali.

Jumatatu saa mbili nyumba ilikuwa imejaa. Mtoto alikuwa kwenye mkeka akigonga sakafu kwa kijiko cha mbao. Mkunga alikuwa kwenye kiti kinachoangalia mlango, glasi ya maji mkononi, akimkagua kila anayeingia viatu vyake. Kalenda bado ilikuwa ukutani. Akaja mwanamke wa mtaa wa pili, amenunuliwa maikrowevu na mwanawe na anaiogopa; ameambiwa hapa kuna mama anayejua. Alikuja na daftari.

"Kaa hapo, mdogo wangu, uandike," akasema Bi Pindo, bila kusimamisha cherehani. "Ya kwanza: kabla hujabonyeza kitu chochote, fungua mlango utazame kilichomo."

"Hiyo haikuwepo," Mkunga akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Ilikuwepo siku zote, mkwe. Ilikuwa haijapata mtu wa kuandikiwa."